Vumbi la Marehemu Quartermaine

Alhamisi, 29 Oktoba 1987

Miezi saba tangu niondoke nyumbani. Nilimwambia Merle ni miwili. Mke wangu yuko Tasmania na matufaha yake, mimi niko upande wa pili wa Australia, mji wa Bilyarrin, nasukuma ngano kwa sepetu kwenye maghala marefu. Joto. Nzi. Vumbi la ngano mpaka kwenye meno. Nikikohoa natoa unga. Mgongo wangu umekuwa kama kiti kibovu cha kukunja: unakunjika vizuri, kukunjuka hautaki.

Merle anajua nimekuja kutafuta fedha ya paa jipya. Ni kweli, nusu. Nusu nyingine ni Kanari.

Kanari lilikuwa gari langu la spoti. La njano, viti viwili, wazi juu, taa mbili za mbele kama macho ya mtu aliyeambiwa habari njema. Nililipata mwaka 1959, nikakaa nalo kiangazi kimoja. Siku ya kwanza kumpakia Merle, kofia yake iliruka ikatumbukia mtoni, naye akacheka mpaka tukapitiliza kwao. Mwaka uliofuata tukapata mapacha. Merle akasema baba, mama na mapacha ni watu wanne, viti ni viwili, hesabu hiyo hata mtu aliyekimbia shule akiwa na miaka kumi na tatu anaiweza. Kanari likaenda kwa daktari wa meno. Bado analo. Kila nikienda kung'olewa jino naliona dirishani. Nimebakiwa na meno machache.

Sasa habari yenyewe. Leo baani pamebandikwa tangazo! Jumapili ya tarehe nane mji unaadhimisha miaka thelathini ya mbio za mwisho za Kuzunguka Nyumba. Enzi hizo walifunga barabara kwa marobota ya nyasi, magari ya spoti yakazunguka posta, benki, kanisa na hoteli, na akina mama wakakaa verandani na chai yao wakishika vikombe kila gari lilipopita. Gari lililoshinda mara ya mwisho bado lipo. La marehemu Lindsay Quartermaine. Liko bandani kwa mjane wake. Litaongoza msafara. Dereva anatafutwa.

Dereva anatafutwa! Nilisoma mara tatu, bia ikapata moto mkononi.

Nikatangaza kwa sauti kwamba mimi nilishindana kule Tasmania. Si uongo mkubwa. Nilipita na Kanari kwenye njia ya mashindano siku moja baada ya mashindano, nikashindana na ng'ombe. Ng'ombe alishinda.

Vern Stribley akageuka. Vern ni fundi wa mashine hapa maghalani na mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Naye anautaka usukani ule, ameutaka miaka thelathini. Hapa wote wananiita Tassie, kwa ajili ya Tasmania. Akasema, "Wewe Tassie, gari pekee uliloendesha hapa ni toroli, na ulilipeleka mtaroni." Baa nzima ikacheka. Toroli lilikuwa na gurudumu bovu. Kila mtu anajua.

Ijumaa, 30 Oktoba

Nimekwenda kwa Bibi Quartermaine baada ya kazi. Nimenyoa. Nimevaa shati la mazishi.

Mama mfupi, mkavu, macho ya kijivu yasiyopepesa. Akanipa chai na keki ya nazi, akaniuliza natoka wapi na kwa nini sirudi. Nikasema nitarudi. Akasema wote husema hivyo. Kisha akachukua ufunguo msumarini, tukaenda bandani.

Akaondoa magunia.

Ee Mungu wangu. Viti viwili. Pua ndefu, kiuno chembamba, makalio ya duara kama mkate uliotoka kwenye oveni. Rangi huwezi kuijua, vumbi jekundu limelifunika lote. Mlangoni namba saba, imepakwa kwa mkono kwa rangi nyeupe ya viatu. Nikaomba kuingia. Nikaketi. Ngozi ya kiti ikalia chini yangu, na ile harufu ikapanda: mafuta, ngozi, petroli ya zamani, jua. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa na meno yote.

Bibi Quartermaine akashusha pumzi ndefu akasema kwamba gari hili halijaguswa na maji tangu siku ile ya mbio.

Nikamtazama. Mama mzee, mikono ina yabisi, bandani peke yake na gari chafu. Mimi si mtu wa kuambiwa mara mbili.

Akasema atatoa jibu la dereva siku yenyewe. Nikiondoka nikamkuta Vern anaingia na paja la kondoo kwapani. Paja zima! Mimi nilikwenda mikono mitupu, nikala na keki.

Jumamosi, 31 Oktoba

Kazi nusu siku. Malori ya ngano mpya yameanza kuingia. Nimewaza tu.

Mpango umekamilika. Nitaliosha gari la Bibi Quartermaine kwa siri, liwake kama kijiko cha harusi. Atafungua banda, atashika kifua, atauliza nani malaika huyu. Nitainama. Paja la kondoo la Vern litakuwa limeshaliwa na kusahauliwa.

Nimemweleza Ossie Yarran, tunayelala naye chumba kimoja. Ossie ni mzaliwa wa hapahapa, anacheka bila kufungua mdomo. Akaniuliza kwa nini nisimwombe mama ruhusa kwanza. Nikamwambia zawadi ukiiombea ruhusa si zawadi tena, ni kibarua. Ossie akatikisa mabega. Hivyo ndivyo anavyocheka.

Siku yenyewe ni Jumanne. Jumanne ni mbio za farasi za Melbourne. Nchi nzima itakuwa imeelekeza sikio kwenye redio, hata mbwa hatabweka.

Jumanne, 3 Novemba

IMEFANYIKA!

Mchana mji wote ulikuwa baani. Kila mtu alishaokota kofiani karatasi ya bahati nasibu yenye jina la farasi wake. Ossie alimtazama farasi wangu gazetini akasema labda anaogopa watu. Nikamwachia Ossie karatasi anisikilizie. Nikatoka kupitia chooni, baiskeli, ndoo mbili, sabuni, kitambaa laini, na kopo la nta nililoazima karakana ya Vern bila kumsumbua kwa kumwambia.

Bahati, leo banda halikufungwa. Maji nikateka tangini.

Ndoo ya kwanza ilitoka kama supu ya nyanya. Nilipopitisha kitambaa mara ya pili rangi ikachungulia. Kijani! Kijani kibichi cha jani la mtufaha lililonyeshewa. Nikapiga kelele peke yangu. Nikasugua, nikaimba, nikasugua. Ile namba saba ikayeyuka na sabuni, lakini namba ni namba, nitaiandika upya. Nyuma, juu ya buti, watoto walikuwa wamechezea vumbi kwa vidole, majina na tarehe na upuuzi mwingine. Nikafuta yote. Vyuma vya taa vikawaka mpaka nikajiona humo, mara mbili, nikitabasamu.

Nilipomaliza nikasimama mlangoni, mgongo umenyooka wenyewe. Sikumbuki lini mara ya mwisho ulinyooka.

Nikalifunika magunia ili kumwachia mama mshtuko wake wa furaha. Nikarudi baa. Ossie akanipa pole, farasi wangu bado anakuja.

Jumatano, 4 Novemba

Msiba.

Vern ameingia baa na bango la mbao alilochora mwenyewe, herufi nyekundu: VUMBI HALISI LA MBIO ZA 1957. USIGUSE.

Nikauliza vumbi gani. Sauti ilinitoka kama ya kuku.

Vern akavuta kiti, akageuza kofia, ikawa hotuba. Akasema katika nchi hii yote magari yaliyong'arishwa ni mengi kama nzi, lakini gari lenye vumbi la siku yake ya mwisho ya mbio ni hilo moja. Watu wametoka mbali kulitazama, wamevua kofia. Anakuja mpiga picha wa gazeti kutoka Perth. Anakuja mzee wa makumbusho. Ile namba saba aliiandika Bibi Quartermaine kwa mkono wake asubuhi ile ya mbio. Na juu ya buti, akasema Vern, na hapa macho yake yakalowa, juu ya buti vijana tisa walioandaa marobota waliandika majina yao vumbini kwa kidole, jioni ile ya ushindi. Yeye alikuwa mmoja wao. "V. Stribley. Chini kushoto. Wengine wamekufa, Tassie. Jina langu lipo."

Nikaiweka bia mezani.

Ossie alitoka nje. Nilimwona dirishani ameegemea tangi la maji, mabega yanaruka.

Nimekaa kitandani na shajara. Naona njia tatu. Kukimbia. Kusema kweli. Au kurudisha vumbi.

Mbili za kwanza si za mtu mwenye akili.

Alhamisi, 5 Novemba

Vumbi limerudi!

Nani anaweza kunishinda kwa vumbi? Nafanya kazi kwenye vumbi, nalala na vumbi. Nimejaza gunia la vumbi la chini ya mkanda wa mashine unaobeba ngano, laini kama poda, nikachanganya na udongo mwekundu wa barabarani. Kisha nikafikiri kama fundi: vumbi kavu litapeperuka msafarani. Lazima lishike. Nikalipaka gari mafuta ya kitani kwanza, kidogo tu, kwa brashi.

Alhamisi Bibi Quartermaine huwa kwenye mkutano wa akina mama, wanapika jemu. Ossie akaja kunishikia gunia, kwa sharti kwamba akiulizwa hakuwepo. Nikawasha mashine ya kupulizia. Banda likawa jekundu, Ossie akapotea, akarudi akiwa na rangi ya tofali, akasema ameona mengi maishani lakini mtu kulisiliba gari la watu vumbi hajaona.

Nikaandika namba saba kwa rangi ya viatu. Nikayaandika majina tisa kwa kidole, Ossie ananitajia, anawajua wote, mjomba wake alikuwa mmoja. V. Stribley chini kushoto. Nikampa Vern herufi nzuri kuliko alizostahili.

Nilipomaliza nikaona nafasi imebaki, pembeni, karibu na taa ya nyuma. Ndogo tu. Pazuri. Kidole bado kilikuwa na vumbi.

Nikaandika Tassie.

Nani atatazama pale?

Ossie akauliza hivi vipunje vya ngano vilivyonata humo si vingi mno. Nikamwambia vinaleta uhalisi. Huu ni mji wa ngano.

Ijumaa, 6 Novemba

Bibi Quartermaine amenisimamisha mbele ya posta. Akaniambia nina unga sikioni. Kisha akaniuliza kama nililitazama dirisha la jikoni kwake siku ile niliyokunywa chai. Nikasema ni dirisha zuri sana, kubwa. Akasema ndiyo, linaonyesha mbali, mpaka bandani. Nikasema hongera.

Alinitazama kwa muda, akapangusa pua na leso, akaenda zake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo. Mafua, nadhani. Au ananipenda kwa udereva.

Nimeazima skafu. Dereva wa spoti bila skafu ni mwendesha trekta.

Jumapili, 8 Novemba

Nitajitahidi kuandika kwa mpangilio. Mikono bado inanuka kasuku.

Asubuhi mji ulijaa. Marobota ya nyasi kila kona, akina mama verandani na vikombe, wazima moto wa kujitolea na lori lao jekundu mbele ya hoteli. Magari ya spoti ya zamani yamekuja kutoka pande zote, mekundu, meupe, ya samawati, yamejipanga yakinguruma chinichini, na wenyewe wazee wenye vipara wanatembea kama wavulana. Nilitaka kulia. Palikuwa na moja la njano. Si Kanari. Nililipapasa hata hivyo, mwenyewe hakuona.

Vern alikuja na ovaroli jeupe lililopigwa pasi. Mimi na skafu yangu. Tukasimama kushoto na kulia kwa gari, lililovutwa mpaka barabarani na magunia yake, kama wachumba wawili wa msichana mmoja.

Gari likafunuliwa. Watu wakavua kofia. Vumbi langu! Mzee wa makumbusho akavaa miwani, akainama, akasema anaweza kuisikia harufu ya 1957. Nilijisikia vizuri sana.

Vern akapanda kwenye robota kutoa hotuba. Akawataja vijana tisa mmoja mmoja, akinyoosha kidole kwenye kila jina, na akainamisha kichwa alipofika kwa wawili waliozama mtoni. Akafika V. Stribley. Makofi. Kisha kidole kikaendelea peke yake, kikasogea pembeni, karibu na taa ya nyuma.

Akasoma, "Tassie."

Akasoma tena.

Akageuka polepole. Aliniuliza, mbele ya mji mzima, mwaka 1957 nilikuwa wapi. Nikasema Tasmania. Akauliza mkono wangu una urefu gani.

Mungu ana huruma. Wakati huohuo galah wa kwanza akatua.

Galah ni kasuku wa waridi na kijivu, hapa wako kila waya wa simu, na kitu wanachopenda kuliko maisha ni ngano. Akatua juu ya boneti. Akakagua. Akadonoa. Akainua kishungi akawaita wenzake, na wenzake wote wa wilaya wakaitika. Walishuka kama shuka la waridi lililoangushwa kutoka mbinguni. Juu ya boneti, juu ya usukani, juu ya mzee wa makumbusho. Krra, krra, krra! Vern akawapiga kwa bango lake mwenyewe. Wao wakatua juu ya bango.

Hapo Bibi Quartermaine akatoka verandani. Amevaa miwani ya mbio ya marehemu na glavu zake za ngozi. Akapita katikati ya kasuku kama mtu apitaye sokoni, akafungua mlango wa dereva, akaketi.

Akatangaza kwamba dereva ni yeye. Vern akaanza kusema lakini Bibi, lakini Bibi. Mama akamjibu kwamba marehemu Lindsay kila aliposhinda alilewa kabla ya jua kuzama. "Vern, mwanangu, mlidhani gari lilikuwa linarudi nyumbani lenyewe?"

Kisha akanielekezea kidole. "Tassie, panda. Umewaita wageni, wafukuze mwenyewe."

Nikapanda!

Sijui nieleze vipi. Injini ilikohoa, ikanguruma, na yule mama mwenye yabisi akatia gia kama anakata mkate. Kona ya posta tuliichukua kwa upande, mimi nikipunga skafu kulia na kushoto, galah wakiruka na kutua upya, akina mama wakishika vikombe. Nyuma yetu magari yote yanapiga honi. Mbele ya benki akaanza kunieleza, kwa kupiga kelele maana upepo ulikuwa mwingi.

Alisema Jumanne hakwenda baa. Hapendi farasi. Alikuwa anaosha vyombo jikoni, akaniona nikiosha gari, akaacha sahani majini akakaa kutazama. Alisema Lindsay alikuwa mtu msafi, kila Jumamosi gari liling'arishwa mpaka paka anajishangaa. Jioni ya ule ushindi alirudi na homa. Akamwambia, nitaliosha kesho, Hesper. Hapakuwa na kesho. Na kabla yeye hajapata nguvu za kushika ndoo, watu wakaanza kuja kulitazama vumbi, wakivua kofia, wakimwambia asiliguse. Hakuna aliyemuuliza yeye. Miaka thelathini kila akifungua banda anaona kazi ambayo Lindsay hakuimaliza, na aibu ambayo angeona.

"Jumanne nililia kwa furaha," akapiga kelele, akikata kona ya kanisa. "Alhamisi jemu ilikwisha mapema. Nikakukuta unalipaka uchafu upya! Nikasema huyu mtu ana akili za galah!"

Nikasema samahani, Bibi. Galah mmoja akanidonoa sikio. Kwenye ule unga.

Mzunguko wa tatu hakumaliza. Akasimamisha gari mbele ya lori la wazima moto, akawaambia vijana wafungue maji. Wakatazamana. Vern akatupa bango, akakimbia akasimama mbele ya gari, mikono ameitanua, analia kabisa: "Bibi, majina yetu! Vumbi la mbio!"

Mama akamwambia kwa upole kwamba vumbi la mbio liliondoka Jumanne, hili ni la Tassie. Na kwamba majina ya wale vijana anayajua yote tisa, kwa kuwa ndiye aliyewapikia siku ile, na hatayasahau kwa sababu ya ndoo ya maji. Kisha akawaambia vijana wa maji, haya.

Vern hakusogea. Walimwosha kwanza yeye.

Halafu gari. Lile tope likashuka, ngano ikashuka, galah wakaruka wakitukana, na kijani kile kikatoka mbele ya mji mzima, kinadondosha maji juani. Mzee mmoja wa gari jekundu akaanza kupiga makofi, polepole, kisha wote. Bibi Quartermaine akatoa mkobani kichupa cha rangi ya viatu, akapiga magoti kwa shida, akaandika saba mlangoni. Ilitoka imepinda kidogo. Ni nzuri kuliko yangu.

Vern alikuwa amekaa kwenye robota, ovaroli linatiririka. Mama akamwita, akampa kile kichupa, akamwonyesha buti. Chini kushoto. Vern akaandika.

Mimi hakuna aliyenipa kichupa.

Jumatatu, 9 Novemba

Kabla ya kazi Bibi Quartermaine alikuja mwenyewe maghalani na gari. Akaniambia aliona nilivyolisugua, na mtu hasugui hivyo kitu asichokipenda. Akanipa usukani, mzunguko mmoja. Bila ng'ombe. (Nani kamwambia habari za ng'ombe? Ossie!)

Nikaendesha. Mimi! Mji mtupu, barabara bado na nyasi za jana. Usukani mwembamba, unaongea na vidole. Nilipita posta, nikapita benki, hewa ya asubuhi ikaingia mdomoni, na naapa nilisikia Merle akicheka pembeni yangu na kuuliza kofia imekwenda wapi. Mkulima mmoja alikuja na lori lake, akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama wanavyosalimiana huku. Nikamrudishia mkono mzima, kama tunavyosalimiana sisi wa spoti. Alidhani naomba msaada, akasimama.

Laiti ningemzuia, maana baada ya kona ya kanisa petroli iliisha. Sikutazama geji. Mtu mwenye furaha hatazami geji. Mkulima alikwishaondoka, nikasukuma, nikiwa peke yangu na heshima yangu.

Vern akatokea na gari lake la karakana. Akafunga kamba, akanivuta mpaka kwa mama. Alipofungua kamba akauliza ni kweli niliwahi kuwa na langu. Nikamweleza Kanari yote: kofia, mapacha, daktari, meno. Akasikiliza mpaka mwisho. Akacheka, mara ya kwanza tangu alipooshwa. Akasema nyuma ya karakana yake ana kitu nikione.

Jumatano, 11 Novemba

Nimelinunua!

La spoti. Viti viwili. Kwa sasa kimoja, cha pili kuku wanakitagia na Vern anasema si wakati mzuri wa kuwahamisha. Magurudumu yapo, matatu. Injini haipo lakini nafasi yake ni kubwa, safi, inatia moyo. Na chini ya kinyesi cha kuku, nilikwaruza kwa ukucha, nimeona njano! Ossie anasema ni ute wa yai. Ossie hajui magari.

Fedha ni ile ya paa. Vern ameniambia mtu mwingine alikuwa anakuja kulichukua leo jioni, ilibidi kuharakisha.

Lina vumbi zuri sana, la miaka mingi. Sijaligusa. Nimelipaka mafuta ya kitani lisipotee. Asubuhi nilikuta galah wawili tu.

Nimempigia Merle simu kutoka posta. Aliuliza habari za paa. Nikamwambia lina upepo mzuri, na anunue kofia yenye kamba. Kisha akauliza narudi lini, mapacha wanataka kujua kama wanihesabu mezani.

Nimemwambia wanihesabu. Krismasi hii nafika nyumbani, nikiendesha. Vern ameahidi injini itapatikana Februari.